SAHANI HAIRUDI TUPU: Historia Fupi ya Vyakula Vitamu vya Ngagara, Bujumbura



Kamati yetu ya jamii ilituomba sisi walimu tuandike makala ya historia kwa ajili ya jarida hili la kuadhimisha 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Siku hii iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, ulipotimia mwaka wa 50 wa Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Kila inapofika, hotuba huzungumzia vita, njia tulizopita na idadi yetu. Hayo ni ya kweli, wala hatuyapuuzi. Lakini mwaka huu limetokea jambo darasani ambalo limetufanya tuchague habari nyingine.

Tuliwapa wanafunzi insha yenye kichwa "Kitu kitamu cha kwetu". Watoto wengi, ambao wamezaliwa hapa kambini, waliandika habari za biskuti na pipi za dukani. Mmoja wao alisimama akauliza: "Mwalimu, kule kwetu kulikuwa na sukari?" Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu tuliona kwamba hajui, na kwamba asiyejua huko kwao kulikuwa na nini anaweza kudhani hakukuwa na kitu. Makala haya ni jibu letu kwa mtoto huyo. Tutaeleza habari za Ngagara, mtaa wa Bujumbura tulikozaliwa na kukulia, kwa sababu ndiko tunakokujua vizuri.

KABLA YA SUKARI

Kwanza, yafaa ieleweke kwamba Burundi ilijua utamu kabla ya kujua sukari ya dukani. Wazee wetu wa milimani walikuwa na asali, ambayo kwa Kirundi huitwa ubuki. Walikuwa na ndizi mbivu, na maji matamu yaliyokamuliwa kutoka katika ndizi hizo, yaani umutobe, ambayo watoto hunywa kabla hayajachacha na kuwa pombe ya wakubwa. Walikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha, na uji wa ulezi, igikoma, wenye maziwa.

Juu ya hayo yote kulikuwa na mtama, nafaka yenye heshima kuliko zote. Kila mwaka, karibu na mwezi wa Desemba, mfalme aliongoza sherehe ya Umuganuro, na baada yake ndipo wananchi walipoanza kupanda mtama. Sherehe hiyo ilizimwa wakati wa utawala wa Wabelgiji. Tunaitaja ili watoto wetu wajue kwamba chakula, kwa Warundi, hakikuwa jambo la tumbo peke yake. Kilipangwa, kilisubiriwa, na watu walikipokea pamoja.

UTAMU ULIOPITIA ZIWANI

Katika karne ya 19, Ujiji, kwenye pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, ulikuwa mji mkubwa wa biashara. Misafara kutoka Bagamoyo na Zanzibar ilifika huko kutafuta pembe za ndovu na, kwa masikitiko, watumwa. Katika miaka ya 1880 mfanyabiashara Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuiingia Burundi kwa nguvu, lakini majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalimzuia. Kwa hiyo watu wa pwani hawakuitawala nchi yetu. Walikaa kandokando ya ziwa, na lugha yao na mapishi yao vikakaa pamoja nao.

Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi Usumbura, mwishoni mwa miaka ya 1890, walikuja na askari, wapagazi, makarani na wachuuzi waliosema Kiswahili. Wengi walitoka Ujiji na Manyema. Baadaye wakaja Wahindi na Waarabu waliofungua maduka. Katika maduka hayo ndimo mlimopatikana sukari, unga wa ngano, iliki na mdalasini. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na kuanzia hapo mzigo wa pwani uliweza kupakiwa melini Kigoma na kushushwa Usumbura. Hata nazi, ambazo kwetu hazioti kama zinavyoota pwani, zilitufikia kwa njia hiyo.

Wabelgiji waliwatoa Wajerumani mwaka 1916. Chini yao, Buyenzi ukawa ndio mtaa wa Waswahili wa Usumbura. Watu wa Buyenzi walikuwa wa makabila mengi na wa nchi zaidi ya moja, lakini wengi wao walikuwa Waislamu na lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kiswahili. Wao ndio waliokuwa mafundi wa vitumbua, kaimati, visheti na kashata za karanga.

OCAF

Sasa tufike Ngagara. Mwaka 1952 serikali ya Ubelgiji iliunda ofisi ya kujenga miji ya Waafrika, ambayo kwa kifupi cha Kifaransa iliitwa OCAF. Ofisi hiyo ndiyo iliyojenga mtaa wetu, kaskazini ya mto Ntahangwa. Nyumba zake zilikuwa za matofali, zenye ua, zimepangwa kwa mistari, na sehemu zake zikapewa namba badala ya majina. Waliopangishwa walikuwa makarani, wauguzi, walimu, mafundi na watumishi wengine. Hadi leo wazee husema "tunakwenda OCAF" wakimaanisha Ngagara.

Wengi wa wake wa watumishi hao walikuwa wametoka milimani, na maisha ya mjini yalikuwa mageni kwao. Kuanzia mwaka 1946 hadi 1960 palikuwa Usumbura na kituo cha kufundisha wanawake, kilichoitwa Foyer Social, ambako walifundishwa kushona, kupiga pasi, kulea watoto na kupika kwa namna ambayo Wabelgiji waliiona kuwa ndiyo inayofaa kwa mke wa mtumishi. Mtu anaweza kuyasema mengi juu ya mafunzo ya namna hiyo, maana nia yake ilikuwa kumtengeneza mwanamke kwa kipimo cha mtu mwingine. Lakini bibi zetu hawakukaa kama vyungu vya kujazwa. Walichukua walichokitaka, wakaacha wasichokitaka.

Hivyo ndivyo meza ya Ngagara ilivyopatikana. Kutoka milimani ulikuja uji wa ulezi na ndizi mbivu. Kutoka kwa Wazungu ilikuja keki ya Krismasi, na wali uliopikwa kwa maziwa na sukari, ukaachwa upoe kwenye bakuli hadi ukaganda juu, ambao kwetu ulikuwa chakula cha mgonjwa aliyepata nafuu na cha mtoto aliyefaulu mtihani. Na kutoka ng'ambo ya Ntahangwa, Buyenzi, vilikuja vitumbua. Kirundi nacho kikavipokea, kikaviita ibitumbura, na leo Mrundi wa mlimani hula igitumbura bila kujua kwamba jina hilo lilivuka ziwa.

JINSI KITUMBUA KINAVYOPIKWA

Tunaeleza hapa kwa kifupi, kwa faida ya wanafunzi wetu na ya wageni waliotoka mbali.

Mchele hulowekwa usiku kucha. Asubuhi huchujwa maji, ukatwangwa au kusagwa hadi uwe laini. Huongezwa tui la nazi, sukari, iliki iliyopondwa na hamira kidogo, kisha huachwa uumuke. Chuma cha vitumbua ni kikaango chenye vishimo vya mviringo. Huwekwa juu ya jiko la mkaa, kila kishimo hutiwa mafuta kidogo, halafu rojo humiminwa. Upande mmoja ukiiva, kitumbua hugeuzwa kwa kijiti. Mpishi asiyezoea huvunja vya kwanza vyote, na hivyo ndivyo watoto wanavyosubiri. Watu wa kusini mwa India nao wana kikaango cha vishimo cha namna hiyo, jambo linalotukumbusha kwamba Bahari ya Hindi imewafundisha watu wengi kupika.

Mchele wa kwetu ulitoka bonde la Imbo, hasa Gihanga. Mafuta ya mawese yalitoka Rumonge, kando ya ziwa. Kuanzia mwaka 1988, sukari nayo ikawa ya nchini, kwa kuwa kiwanda cha SOSUMO kilianza kuzalisha huko Moso, kusini mashariki ya Burundi, kutokana na miwa iliyolimwa papo hapo. Basi jibu la swali la mwanafunzi wetu ni hili: ndiyo, kwetu kulikuwa na sukari, tena iliyolimwa na mikono ya Warundi.

DESTURI YA SAHANI

Sasa tunafikia jambo ambalo hasa limetufanya tushike kalamu.

Kati ya Ngagara na Buyenzi kulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa mahali popote. Siku ya Idd, mama wa Buyenzi aliyekuwa na rafiki Ngagara alijaza sahani kaimati na vitumbua, akaifunika kwa kitambaa safi, akamtuma mtoto avuke daraja la Ntahangwa. Mama wa Ngagara alipokea, akakiweka chakula katika chombo chake, lakini sahani hakuirudisha siku ile. Aliisubirisha mpaka na yeye awe na kitu. Ikifika Krismasi au Pasaka, au hata jioni yoyote alipopika vizuri, sahani ilirudi Buyenzi ikiwa na keki, au ndizi mbivu, au wali wa maziwa. Sahani haikurudi tupu. Kurudisha sahani tupu ilikuwa ni kama kusema: nimemaliza, tusijuane tena.

Sisi tulizaliwa karibu na mwaka 1990. Tulikuwa wadogo sana Rais Melchior Ndadaye alipouawa, 21 Oktoba 1993, na nchi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wakubwa wanajua yaliyofuata. Mitaa ya Bujumbura ikagawanyika. Ngagara, iliyokuwa ya watu mchanganyiko, ikabaki ya kabila moja, na hapana budi tuseme bila kuficha kwamba majirani zetu wengine hawakuondoka kwa hiari yao. Kamenge na Kinama nako walibaki wa upande mwingine. Tunayasema haya bila kumnyooshea mtu kidole hapa kambini, ambako tunachota maji kwenye bomba moja. Lakini mwalimu wa historia akiyaruka, amedanganya.

Mwanzoni mwa Machi 1995 ilikuwa Idd. Sahani ilikuja nyumbani kwetu kutoka Buyenzi kama kawaida. Ilikuwa sahani ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu uliobanduka upande mmoja. Tunakumbuka kaimati zilizokuwa ndani yake, na shira iliyotuganda vidoleni. Mama alisema ataijibu wakati wa Pasaka. Kabla ya Pasaka kufika, katika wiki ya mwisho ya mwezi huo huo wa Machi, Buyenzi na Bwiza zilishambuliwa. Watu waliuawa, na maelfu wakakimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka. Daraja likawa si la kuvukwa na mtoto tena, wala na mama. Sahani ikabaki kwetu.

Mwaka uliofuata, baada ya mapinduzi ya 25 Julai 1996, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara, ambavyo vilisimamishwa Januari 1999. Mzigo wa Kigoma ukawa wa shida, bei zikapanda, nazi zikawa adimu. Mama alijaribu kupika vitumbua mwenyewe, kwa maziwa ya unga badala ya tui. Havikuwa vibaya, lakini tuliona kwamba hakuvila. Sahani ile hakuitumia hata siku moja. Ilikaa juu ya kabati, na sisi watoto tulikatazwa kuigusa.

KUVUKA TENA

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000, na mwaka 2003 kundi kubwa la wapiganaji likakubali kusimamisha vita. Kidogo kidogo watu wakaanza kutembeleana. Siku moja ya Pasaka, mama alioka keki, akaikata, akaipanga juu ya ile sahani ya bati, tukavuka naye daraja. Katika nyumba tuliyoitafuta tulikuta watu wengine. Walitukaribisha vizuri, wakatueleza kwamba mwenye sahani alikwenda Uvira na hakurudi, wala hawakujua kama yu hai. Mama aliwapa keki. Sahani walikataa kuipokea, wakasema si yao. Tukarudi nayo Ngagara.

Miaka iliyofuata tuliona mengi mazuri. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili, ambacho zamani kilidharauliwa kuwa lugha ya sokoni, kikaingia shuleni. Sisi wenyewe tulisoma chuo cha ualimu tukijua kwamba lugha ya vitumbua sasa ni lugha ya ubao. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto, na wachuuzi wengi wakahamia masoko mengine, likiwemo soko la Ngagara lililo karibu na kiwanda cha nguo cha COTEBU. Ghafla vitumbua vya Buyenzi vikawa vinauzwa mlangoni petu, na mama wa mitaa yote wakawa wanakaa benchi moja wakingoja wateja.

Halafu ukaja mwaka 2015. Ngagara ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoandamana kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, na tarehe 13 Oktoba mwaka huo watu kadhaa waliuawa katika mtaa wetu. Kufikia mwaka 2017, Warundi zaidi ya 400,000 walikuwa wamekimbilia nchi nyingine. Sisi tulikuwa miongoni mwao. Tuliondoka na begi moja la nguo na vyeti vya shule. Mama hakukubali kuondoka. Sahani ilibaki naye, juu ya kabati.

HAPA KAMBINI

Wafanyakazi wa mashirika wanajua mgao wetu vizuri kuliko sisi: unga wa mahindi, maharage, mafuta, chumvi, na kila mara ukipunguzwa tunaambiwa sababu. Sukari haimo. Hatulalamiki hapa juu ya sukari. Tunasema tu kwamba mwaka wa kwanza tulidhani maisha ya sahani yamekwisha, maana mtu asiye na kitu hana cha kumpelekea jirani.

Ikafika Idd. Jirani yetu wa bloku, mama aliyekulia Buyenzi na kupitia Uvira kabla ya kufika hapa, alituma mtoto wake mlangoni petu. Tulimwuliza baadaye kuhusu mwenye sahani ya bati. Hakuwa yeye, wala hakumfahamu. Mtoto alibeba sahani ya plastiki, na ndani yake mlikuwa na kaimati sita. Hatukujua alikopata unga wa ngano. Tulizila, kisha tukakaa tunaitazama sahani ile ya plastiki, na aibu ikatushika.

Siku ya nne tulipata ndizi mbivu mbili sokoni, zile ambazo ganda limeshakuwa jeusi na muuzaji anapunguza bei. Tuliziponda, tukachanganya na unga wa mahindi wa mgao na chumvi kidogo, tukakaanga vijiko vijiko kwa mafuta ya mgao. Sukari haikuwamo hata punje. Vilitoka vikiwa vyekundu na vitamu. Tuliijaza sahani, tukairudisha. Utamu wake ulikuwa ule ule wa milimani, wa kabla ya maduka, ambao tuliueleza mwanzoni mwa makala haya. Hatukuwa tumeufundishwa chuoni. Bibi alikuwa akivipika tukiwa watoto, na sisi tulidhani ni chakula cha umaskini.

Jioni hiyo tulimpigia mama simu Ngagara tukamwambia kwamba tumeletewa sahani ya Idd. Hakuuliza ililetwa na nani, wala mtu huyo ni wa kabila gani au wa mtaa gani. Aliuliza: "Mliirudisha na nini?"

MAOMBI YETU

Ndugu wasomaji, tuna maombi matatu, nayo si makubwa.

La kwanza ni kwa akina mama na akina bibi. Njooni shuleni mtufundishie watoto. Mwaka huu tunataka kila darasa la juu liwe na saa moja ambapo mama mmoja anaeleza, kwa Kirundi au kwa Kiswahili, jinsi kitu kitamu cha kwao kinavyopikwa, na watoto wanaandika. Mwacha asili ni mtumwa, na mtoto hawezi kuacha au kushika asili ambayo hakuonyeshwa.

La pili ni kwa wafanyakazi wa mashirika. Mnapomwona mama anakaanga mandazi kando ya njia, mnaandika katika taarifa zenu kwamba ni biashara ndogo. Ni kweli. Lakini mkumbuke pia kwamba mikono hiyo imebeba Ujiji, Buyenzi, Gihanga na Moso, na kwamba katika miaka ambayo viongozi wetu walishindwa kukaa pamoja, akina mama hawa ndio waliowahi kujua njia ya kuvuka daraja. Mkipanga mambo yenu ya upatanisho, waiteni na wao wakae mbele.

La tatu ni kwetu sote. Tarehe 20 Juni, baada ya hotuba, kila nyumba inayoweza ipeleke sahani moja kwa nyumba ambayo haijawahi kuipelekea kitu. Kiwe ni kitumbua, kiwe ni ndizi, kiwe ni kiazi kitamu kilichokatwa katikati. Atakayepokea asiharakishe kurudisha. Aiweke sahani mahali safi, asubiri mpaka na yeye awe na kitu.

Tunawatakia maadhimisho mema.